Swichi za usalama za trekta la kukatia nyasi: Tafuta hitilafu, usiondoe kinga

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Barabara inayochepuka Usa River kutoka barabara kuu ya Arusha–Moshi na kupanda kuelekea malango ya Ngurdoto na Momela katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inapita katika eneo ambalo utunzaji wa nyasi ni ajira. Hoteli, nyumba za kulala wageni, mashamba, shule na viwanja vya michezo vilivyo chini ya Mlima Meru vina maeneo mapana ya nyasi, na mvua za masika zinapokwisha nyasi hizo hukua kwa kasi ambayo mfyekaji mwenye fyekeo hawezi kuimudu peke yake. Ndiyo maana trekta dogo la kukatia nyasi, ambalo dereva huliendesha akiwa ameketi na visu vikizunguka chini yake, limekuwa chombo cha kazi katika maeneo mengi.

Trekta hilo lina jambo moja ambalo huwachosha watumiaji wengi. Asubuhi dereva huzungusha ufunguo na kukuta kimya. Siku nyingine injini huwaka vizuri, lakini huzimika mara tu visu vinapounganishwa. Betri imechajiwa, petroli ipo, oili ipo, na bado mashine haitaki kufanya kazi. Mara nyingi chanzo huwa ni swichi ndogo ya usalama iliyo chini ya kiti, karibu na pedali ya breki au kwenye kiunganishi cha visu.

Hapo ndipo hufanyika uamuzi ambao madhara yake huweza kuonekana baada ya miezi kadhaa. Fundi mwenye haraka hukata nyaya mbili za swichi, huziunga pamoja na kurudisha trekta kazini. Mafundi huita jambo hilo kuunga dairekti. Mashine huwaka, mteja hufurahi, kazi huendelea. Hata hivyo, kuanzia siku hiyo dereva anayeanguka kutoka kitini ataanguka karibu na visu ambavyo havitasimama.

Makala haya yanaeleza jinsi mizunguko ya swichi za usalama inavyofanya kazi, namna ya kutafuta hitilafu kwa utaratibu, na sababu za kutoiondoa kinga hiyo hata pale inapoonekana kuwa kero.

KWA NINI SWICHI HIZI ZIPO

Kisu cha mashine ya kukatia nyasi ni kipande kizito cha chuma kinachozunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Kisu chenye urefu wa nusu mita kinapozunguka kwa kasi hiyo, ncha yake husafiri karibu mita 80 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Hakuna binadamu anayeweza kuondoa mguu au mkono kwa kasi ya kukikwepa. Aidha, kisu hicho huweza kurusha jiwe au kipande cha waya mbali na kumjeruhi mtu asiyehusika kabisa na kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo, nchi zinazotengeneza mashine hizi ziliweka masharti. Nchini Marekani, tangu mwaka 1982, mashine ya kukatia nyasi inayosukumwa kwa mkono inapaswa kusimamisha kisu ndani ya sekunde 3 baada ya mtumiaji kuachia kishikio. Kwa matrekta ya kukalia, watengenezaji waliweka mfumo wa swichi unaomtambua dereva kwa kuwepo kwake kitini. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha kiwango cha ISO 5395 kuhusu usalama wa mashine za kukatia nyasi zinazotumia injini za mafuta, kikiwa na sehemu mahususi kwa mashine za kukalia.

Kwa kawaida trekta moja huwa na swichi tatu au nne. Swichi ya breki huhakikisha kwamba injini haiwashwi mpaka pedali iwe imekanyagwa, ili trekta lisiruke mbele ghafla. Swichi ya visu huzuia injini kuwashwa wakati visu vimeunganishwa. Swichi ya kiti huzima injini au visu endapo dereva ataondoka kitini kabla ya kuvitenganisha. Matrekta mengi ya miaka ya karibuni yana swichi ya nne ya gia ya kurudi nyuma, kwa sababu dereva anayerudi nyuma huenda asimwone mtoto aliye nyuma yake.

MIZUNGUKO MIWILI YENYE TABIA TOFAUTI

Ili kutafuta hitilafu kwa usahihi, ni muhimu kufahamu kwamba swichi hizi zimegawanyika katika mizunguko miwili ya umeme, na kwamba mizunguko hiyo haiharibiki kwa namna moja.

Mzunguko wa kwanza ni wa kuwashia. Umeme wa volti 12 hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, huingia kwenye swichi ya ufunguo, kisha hupita kwenye swichi ya breki na swichi ya visu kabla ya kufika kwenye solenoidi, ambayo ndiyo inayopeleka umeme mwingi kwenye stata. Ni kama mtu anayepita katika malango kadhaa yaliyofuatana: lango moja likifungwa, hafiki aendako. Waya ukikatika au swichi ikishika kutu katika mzunguko huu, stata haizunguki. Hitilafu hujitangaza yenyewe na dereva huiona siku hiyo hiyo.

Mzunguko wa pili ni wa kuzimia. Injini nyingi ndogo za petroli hutengeneza cheche kwa sumaku iliyo kwenye gurudumu la injini na koili iliyo kando yake, bila kutegemea betri. Injini ya aina hiyo huzimwa kwa kuunganisha waya mwembamba wa koili na chasisi. Waya huo unapogusa chasisi, cheche hutoweka na injini huzimika. Ufunguo ukizimwa, ndicho kinachotokea. Dereva akinyanyuka kitini visu vikiwa vinazunguka, swichi ya kiti nayo hufanya vivyo hivyo.

Hapa ndipo penye hatari ambayo watumiaji wengi hawaifahamu. Katika mzunguko wa kuzimia wa aina hii, waya uliokatika hauzuii injini kufanya kazi. Kinyume chake, injini huwaka vizuri na kuendelea kuunguruma, ila uwezo wa kuizima ndio unaopotea. Trekta lenye hitilafu hiyo halimsumbui mtu yeyote, wala halipelekwi kwa fundi. Dereva huweza hata kulisifu kuwa ni zima kuliko mengine, ilhali kinga yake imekufa zamani. Hitilafu ya mzunguko wa kuwashia hulalamikiwa mara moja. Ya mzunguko wa kuzimia hugunduliwa kwa kupimwa tu, au kwa ajali.

DALILI NA MAANA YAKE

Kabla ya kufungua bolti yoyote, fundi anashauriwa kumsikiliza dereva na kuiangalia mashine yenyewe, kwa kuwa dalili huonyesha mzunguko unaohusika.

Ufunguo ukizungushwa na pasisikike chochote, hitilafu ipo katika mzunguko wa kuwashia: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya breki, swichi ya visu au nyaya zinazoviunganisha. Ukisikika mlio mmoja wa "tak" bila stata kuzunguka, umeme umekwishafika kwenye solenoidi, hivyo swichi za usalama hazina kosa. Kinachopaswa kuchunguzwa ni nguvu ya betri, nyaya nene, solenoidi na stata.

Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini isiwake, na petroli ikiwa inafika, huenda waya wa kuzimia umechubuka na unagusa chasisi wakati wote, au swichi ya kiti imekwama katika hali ya kuzima.

Injini ikiwaka lakini ikazimika mara pedali ya breki inapoachiwa au visu vinapounganishwa, mashine inaamini kwamba hakuna mtu kitini. Swichi ya kiti, konekta yake au springi ya kiti ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Injini ikizimika wakati wa kupita kwenye mabonde na matuta pekee, kuna uwezekano mkubwa wa konekta iliyolegea au kiti kinachonyanyuka kwa sekunde moja.

Injini ikizimika dereva anaporudi nyuma huku visu vikizunguka, huenda hakuna hitilafu yoyote. Matrekta mengi yameundwa kufanya hivyo, na kitabu cha maelekezo cha mashine husika hueleza. Si mara moja swichi nzima imebadilishwa kwa sababu tu kitabu hicho hakikusomwa.

KABLA YA KUGUSA WAYA

Kazi ifanyike kwenye ardhi iliyo tambarare, mahali penye hewa ya kutosha. Breki ya kuegesha ifungwe, visu vitenganishwe, ufunguo utolewe na injini iachwe ipoe. Waya mnene wa plagi uchomolewe na kuwekwa mbali na plagi, ili injini isiweze kuwaka kwa bahati mbaya wakati mkono uko karibu na visu. Pale itakapohitajika kuzungusha stata wakati wa vipimo, kichwa cha waya huo kishikizwe kwenye chasisi ili koili isiharibike, na mitungi ya petroli iondolewe jirani. Endapo kazi itahusisha kukata au kuunga nyaya, waya hasi wa betri ndio unaotangulia kufunguliwa, na ndio unaorudishwa mwisho.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Multimita ya kawaida, kama wanayotumia mafundi wa umeme wa magari, inatosha, pamoja na brashi ya waya, msasa laini, kitambaa kikavu na mchoro wa nyaya uliomo kwenye kitabu cha mashine. Mchoro huo ni muhimu, kwa sababu swichi mbili zinazofanana kwa sura huweza kufanya kazi kinyume: moja hupitisha umeme inapobonyezwa, nyingine hupitisha inapoachiwa.

HATUA ZA KUTAFUTA HITILAFU

Hatua ya kwanza ni betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikisoma chini ya volti 12.4 ichajiwe kabla ya kuendelea, kwa kuwa betri dhaifu huleta dalili zinazofanana na za swichi mbovu. Vichwa vya betri visafishwe na kukazwa.

Hatua ya pili ni fyuzi. Fyuzi itolewe na kupimwa kwa multimita, kwani ufa mdogo hauonekani kwa macho daima. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zile zile zilizoandikwa juu yake. Ikiungua tena papo hapo, upo waya unaogusa chasisi, na huo ndio wa kutafutwa. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kukaribisha moto kwenye mashine iliyojaa petroli na nyasi kavu.

Hatua ya tatu ni kuufuata umeme ulikofika. Ncha nyeusi ya multimita ishikizwe kwenye upande hasi wa betri. Mtu wa pili akae kitini, akanyage breki na kuushikilia ufunguo katika sehemu ya kuwashia, waya wa plagi ukiwa umechomolewa kama ilivyoelezwa. Ncha nyekundu iguse kituo kimoja baada ya kingine: pande zote mbili za fyuzi, mahali umeme unapoingia kwenye ufunguo, mahali unapotoka, upande wa kuingilia na wa kutokea wa swichi ya breki, kisha wa swichi ya visu, na hatimaye terminali ndogo ya solenoidi. Pale ambapo volti 12 zipo upande wa kuingilia na hazipo upande wa kutokea, hapo ndipo penye hitilafu. Njia hii huchukua dakika chache na humwepusha mmiliki na gharama ya kununua vipuri kwa kubahatisha.

Hatua ya nne ni kuipima swichi inayotiliwa shaka ikiwa peke yake. Konekta ichomolewe na multimita iwekwe kwenye kipimo cha omu. Kitufe cha swichi kibonyezwe na kuachiwa mara kadhaa. Swichi nzima husoma karibu na sifuri katika hali moja na huonyesha kwamba njia imekatika kabisa katika hali nyingine. Ikisoma namba zinazoyumba, au isipobadilika, imekwisha muda wake. Ikumbukwe kwamba baadhi ya swichi za kiti zina konekta yenye kibanzi cha chuma kinachounganisha nyaya zenyewe kwa zenyewe pindi konekta inapochomolewa, ili mashine isiwake. Kwa hiyo, kuchomoa konekta na kuona injini inavyofanya si kipimo cha kuaminika.

Swichi ikipimwa na kuonekana nzima, iangaliwe inavyobonyezwa. Kipande cha chuma cha pedali kilichopinda, bolti iliyolegea au springi iliyochoka huweza kuifanya swichi isifikiwe. Katika hali hiyo, dawa ni kurekebisha mahali swichi ilipofungwa.

Hatua ya tano inahusu mzunguko wa kuzimia. Cheche inapokosekana, waya mwembamba wa koili huchomolewa kwenye konekta yake karibu na injini, kisha cheche hupimwa kwa kipima cheche huku stata ikizungushwa, visu vikiwa vimetenganishwa na gia ikiwa huru. Cheche ikirudi, koili ni nzima na kosa lipo kwenye nyaya au swichi zinazoelekea kitini na kwenye ufunguo. Isiporudi, kosa lipo kwenye koili au plagi. Injini isiendeshwe kazini waya huo ukiwa umechomolewa, kwa sababu ufunguo hautaweza kuizima. Vilevile, umeme wa betri usipelekwe kamwe kwenye waya huo, kwani huweza kuiunguza koili.

Hatua ya mwisho ni kukagua mahali nyaya zinapofungwa kwenye chasisi. Rangi, kutu au matope chini ya bolti hiyo huzuia umeme kurudi kwenye betri na huleta hitilafu zinazohama-hama. Pasafishwe mpaka chuma king'ae, kisha pakazwe.

MAZINGIRA YA MOMELA

Yapo mambo ya eneo hili yanayozidisha matatizo ya swichi. La kwanza ni vumbi. Udongo wa pembezoni mwa Mlima Meru umetokana na volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake laini huingia kwenye vitufe vya swichi na kuvikwamisha. La pili ni unyevu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, pamoja na desturi ya kuosha trekta kwa maji yenye presha. Maji hayo huingia kwenye konekta, na baada ya wiki chache huota kutu ya kijani. Inashauriwa kusafisha sehemu za umeme kwa brashi na kitambaa badala ya kuzimwagia maji. La tatu ni panya wa stoo, ambao hutafuna nyaya wakati mashine imelala.

La nne, na ambalo huchochea zaidi watu kuondoa kinga, ni sura ya ardhi yenyewe. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, na maporomoko hayo yaliacha vilima vidogo na mabonde ambamo leo yamo maziwa ya Momela. Bustani nyingi za eneo hilo zimetengenezwa juu ya ardhi isiyo tambarare. Trekta linapopita kwenye mteremko, uzito wa dereva huhamia upande mmoja wa kiti na swichi hudhani kwamba ameondoka. Injini huzimika katikati ya kazi, mara moja, mara mbili, mara kumi kwa siku. Dereva mwenye umbo dogo hupata adha hiyo zaidi.

Kero hiyo ni ya kweli na ina ufumbuzi wake. Viti vingi vina springi au bolti inayorekebishwa kulingana na uzito wa dereva. Springi iliyochoka hubadilishwa. Aidha, trekta la kukalia linapaswa kupanda na kushuka mteremko badala ya kukata ubavuni mwake, na vitabu vingi vya watengenezaji vinakataza kulitumia kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15. Mahali ambapo swichi ya kiti huzima injini kila mara kwa sababu ya mteremko, mashine huenda inatoa onyo sahihi: hapo ni mahali pa fyekeo.

Ikumbukwe pia kwamba kwenye mteremko ndiko trekta hupinduka. Dereva anayerushwa kutoka kitini wakati mashine inapinduka anategemea swichi hiyo kuzima injini kabla visu havijamfikia. Anayeiunga dairekti ili afanye kazi kwenye mteremko ameiondoa kinga mahali pale inapohitajika kuliko kwingine kote.

SWICHI MBADALA

Pale swichi inapothibitika kuwa mbovu, inunuliwe nyingine yenye namba ile ile ya kipuri iliyoandikwa kwenye swichi au kwenye kitabu. Kufunga swichi ya taa ya breki ya pikipiki kwa sababu tu inaenea kwenye tundu huweza kuugeuza mfumo mzima, ikawa mashine inawaka pale isipopaswa kuwaka. Ikiwa kipuri hakipatikani siku hiyo, trekta liwekwe kando na kubandikwa karatasi yenye maandishi yanayosomeka: "BOVU, USIWASHE". Nyasi zitakazochelewa kukatwa wiki moja hazina thamani ya mguu wa mtu.

JARIBIO LA DAKIKA TANO

Kwa kuwa hitilafu ya mzunguko wa kuzimia haijitangazi, njia pekee ya kuigundua mapema ni kuijaribu mara kwa mara. Watengenezaji wengi huelekeza jaribio lifanyike kabla ya kila matumizi. Lifanyike kwenye ardhi tambarare, pasipo na mtu jirani.

Kwanza, dereva akae kitini na kujaribu kuwasha bila kukanyaga breki, stata isizunguke. Pili, akanyage breki lakini aunganishe visu, kisha ajaribu kuwasha, stata isizunguke. Tatu, awashe kwa utaratibu sahihi, aunganishe visu na kunyanyua mwili kidogo kutoka kitini bila kushuka. Injini au visu vizimike mara moja. Nne, visu vikiwa vimeunganishwa, aweke gia ya kurudi nyuma na kuona kama mashine inafanya kama kitabu kinavyosema. Tano, azime kwa ufunguo. Injini izimike papo hapo.

Jaribio moja likishindikana, trekta halifai kutoka stoo siku hiyo. Matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyejaribu. Daftari hilo humsaidia fundi kujua hitilafu ilianza lini, na humlinda dereva dhidi ya lawama za kazi ambayo si yake.

WAJIBU WA MWAJIRI NA MFANYAKAZI

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya Mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, ikiwemo kuhakikisha kwamba mashine zenye sehemu za hatari zina kinga. Usimamizi wa sheria hiyo upo chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), wenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Swichi ya kiti ni kinga kama ilivyo kava ya mkanda wa mashine ya kusaga. Meneja anayemwambia fundi aiunge dairekti ili kazi isichelewe haongezi tija. Anabeba dhamana ya ajali ambayo bado haijatokea.

Mfanyakazi naye ana wajibu wa kutoichezea kinga hiyo na kutoa taarifa anapoona haifanyi kazi. Vijana wengi wanaoendesha matrekta haya hujifunzia kazini kwa kuelekezwa na waliowatangulia. Endapo aliyetangulia alilikuta trekta likiwa limekwishaungwa dairekti, huyu mgeni hawezi kujua kwamba lilitakiwa kuzimika anaponyanyuka. Ndiyo maana mafunzo ya awali yanapaswa kuanza na jaribio la dakika tano lililoelezwa hapo juu.

Kwa mfanyakazi anayeumia kazini, fidia hutolewa kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na taarifa ya ajali inapaswa kutolewa bila kuchelewa. Hata hivyo, fidia haikirudishi kiungo kilichopotea.

Wanaohitaji ujuzi zaidi wanaweza kuufuata katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na Chuo cha Ufundi Arusha. Kituo cha Zana za Kilimo na Ufundi Vijijini (CAMARTEC), chenye makao yake Arusha, nacho kina dhamana ya kitaifa katika masuala ya zana na mitambo ya kilimo.

Mahitaji ya ujuzi huo yanaongezeka. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda ziliteuliwa kuandaa kwa pamoja mashindano ya AFCON 2027, na Arusha ni miongoni mwa majiji yaliyojengewa uwanja kwa ajili hiyo. Viwanja, hoteli na bustani zinazotarajia wageni zitahitaji nyasi zilizokatwa vizuri, na watu wa kuzikata. Kwa wamiliki wa matrekta yaliyopo sasa, hatua ya kwanza haihitaji bajeti: kesho asubuhi, kabla ya kazi kuanza, dereva aunganishe visu, anyanyuke kidogo kitini na kusikiliza. Injini ikizimika, kinga ipo. Ikiendelea kuunguruma, trekta hilo lirudishwe stoo.